Nitalala Upande wa Mlango

Mama Wangari, mwenzangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, kwenye kile kiti chako cha kamba, blanketi magotini ingawa jua limeshatoka. Mkono umezeeka, kwa hiyo utanisamehe mwandiko. Wewe uliyesahihisha madaftari ya watoto wa darasa la kwanza miaka yote ile umeona mabaya zaidi. Daktari wa Nyeri ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka. Nilimshukuru. Alivua miwani kwanza ndipo akasema, nami nikajua ni mtu aliyelelewa vizuri.

Nina neno la kuungama kwako kabla sijafika huko uliko. Nilikuahidi kwamba nitalala kando yako. Pale juu, chini ya mgrevilea, watoto walipokuzika waliniachia nafasi, na kila Jumapili nikipanda kukusalimu naiona ile nafasi ikinisubiri, nyasi zake fupi, safi. Sitalala pale. Nimeamua hivyo nikiwa na akili zangu, na nataka usikie kutoka kwangu. Nimemwomba Wangari aisome barua hii mbele ya watu siku ya kunizika, ili majirani wasije wakasema mimi na wewe tuligombana mwishoni.

Unakumbuka ulivyougombeza mlima? Kwenu Chogoria jua huzama nyuma ya Mlima Kenya. Asubuhi yako ya kwanza hapa Giakanja ulitoka nje na kikombe cha uji, ukalikuta jua likichomoza upande uleule wa mlima. Ukarudi ndani ukasimama mlangoni. "Mwalimu," ukaniambia, "nyinyi watu mmegeuza mlima." Mama yangu aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akakaa chini, na kuanzia siku hiyo akakupenda, ingawa hakuacha kunionya nisimkasirishe Mmeru akiwa ameshika panga.

Kimeru chako na Kikuyu changu vilikaribiana kiasi cha kuchekana tu, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikabaki lugha ya chumba chetu. Watoto wakikua walidhani ni lugha ya siri. Ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii, hata sasa.

Na unakumbuka kitanda. Nilikuonyesha upande wa ukutani, ukataka kujua kwa nini. Nikakueleza nilivyofundishwa na baba yangu: mume hulala upande wa mlango, ili chochote kinachoingia kimkute yeye kwanza. Ukauliza, "Na kikiingia panya?" Nikasema hata panya. Panya alipoingia kweli, ni wewe uliyeamka na fagio. Lakini upande hatukubadilisha maisha yetu yote.

Sasa nirudi kwenye kona ile ya shamba, maana yote yanatoka pale.

Kariuki wetu alipomaliza kidato cha nne na kuzunguka bila kazi, ni wewe uliyesema tumpe kona ya chini karibu na lango, penye barabara. Akajenga kibanda cha mabati, akanunua jenereta kuukuu, akaanza kuchaji betri. Stima haikuwa imefika huku, na kila mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari. Watu walizileta kwa baiskeli, wengine mgongoni, hasa ikikaribia siku ya mpira. Betri zilizokufa alizipasua. Maji yake makali aliyamwaga chini, akatoa vile vibao vya madini ya risasi, akaviyeyusha kwenye sufuria ya zamani juu ya makaa, akamimina upya kuwa vibao vipya. Majirani walikuja kutazama ile risasi iking'aa kama maziwa mazito.

Nilijivuna sana. Nilisimama pale kibandani nikamfundisha kemia ya betri kama nilivyoifundisha darasani Karatina na Nyeri mpaka nikastaafu. Nilimweleza umeme unavyotoka. Kuhusu udongo chini ya viatu vyetu sikusema neno. Hakuna aliyeuliza, nami sikujiuliza.

Kisha Kirembo akaugua. Ng'ombe yule alikuwa wako zaidi ya kuwa wa boma. Alianza kusaga meno, akawa anazunguka zizi, halafu akapofuka, akawa anasimama ameegemeza paji la uso ukutani kama mtu anayeomba. Alikufa siku uliyokwenda sokoni, na ulinikasirikia kana kwamba ningeweza kumzuia. Daktari wa mifugo alitoka Kiganjo akampasua tumbo, akachambua, akanionyesha vipande vya kijivu kwenye kiganja chake.

"Mzee, huyu amekula betri," akasema. "Hii kitu iko na ladha tamu. Ng'ombe akionja mara moja anarudi."

Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Hukuuliza habari za ng'ombe tena. Uliuliza, "Na mtoto?"

Kila mtu hapa alijua ni mtoto yupi. Kariuki alipopata binti wa kwanza alimpa jina lako la Kimeru kama desturi inavyotaka, na hivyo katikati ya Wakikuyu wa Tetu tukawa na Kawira mdogo, ambaye kila mwalimu mpya humuuliza jina hilo kalitoa wapi. Ulimwita "mimi mdogo". Alikuwa ndiyo kwanza anatembea, na mahali alipopenda kukaa kuliko pote duniani ni chini, mlangoni pa kibanda cha baba yake, akijipikia uji wa udongo kwenye kifuniko cha kopo. Uji ule aliuonja, kama mpishi yeyote.

Tulimpeleka hospitali Nyeri. Damu yake ikapelekwa Nairobi, nasi tukasubiri. Katika kusubiri kule ulikuwa ukimwosha mikono mtoto mpaka akawa analia akiona karai. Majibu yalipokuja, daktari alituambia risasi imo mwilini, si ya kumwua, ila ni ya kutisha kwa umri wake. Alisema dawa ya kwanza ni kumwondoa kwenye udongo ule, au kuuondoa udongo ule kwake. Apewe maziwa, mayai, maharagwe, mboga. Atakua. Ila huenda akachelewa kidogo kwenye masomo, na huenda asichelewe. Hakuweza kutuahidi.

Njiani kurudi ulimbeba mgongoni ingawa Kariuki aliomba kumbeba. Tulipofika langoni ulisimama ukakitazama kibanda, ukasema polepole, "Huyu akipotea, mimi nimepotea mara mbili."

Kesho yake Kariuki alikibomoa kibanda kwa mikono yake. Tukachukua majembe, sisi watatu, tukaanza kukwangua udongo uliokuwa umegeuka wa kijivu. Na hapa ndipo nacheka mpaka leo, kicheko kichungu. Sisi watu wa milimani hatutupi udongo. Tunaweza kumtupa rafiki, lakini si udongo mweusi. Nilijaza karai, nikasimama, na miguu yangu yenyewe ikanipeleka kwenye shina la mgomba. Nikamwaga pale. Wewe ukaleta la kwako ukamwaga palepale, ukasawazisha kwa mkono, vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. Tulirudi tena na tena, tukifurahi kwamba kazi inakwenda. Ni pale ulipoinua macho ukaiona mikungu ya ndizi juu ya vichwa vyetu ndipo ukasema, "Mwalimu, tunafanya nini?"

Tulikaa chini wote. Tulikuwa tumetumia asubuhi nzima kuihamisha sumu kutoka mlangoni mwa mtoto hadi kwenye chakula chake.

Ndipo nikamwandikia Gachoka, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akipima udongo huko Nairobi. Alikuja mwenyewe, Mungu ambariki, akachukua udongo kwenye mifuko midogo, na baadaye akarudi na maelezo. Alisema madini ya risasi hayaozi. Hayafanyi kama samadi, hayafanyi kama mzoga. Hukaa. Udongo ulioingiwa na sumu uchimbwe wote, pamoja na ule wa migombani, ufukiwe mahali pamoja, mbali na mto, ndani ya shimo lililopakwa udongo wa mfinyanzi chini na pembeni, ufunikwe kwa udongo huohuo tena, kisha nyasi. Ule uliobaki juujuu utiwe chokaa na samadi, na unga wa mifupa iliyochomwa, kwa sababu kilichomo ndani ya mifupa huishika risasi isiyeyuke na kupanda mizizini. Na pale penye shimo pasilimwe chakula. Nilimwuliza mpaka lini. Akanitazama kwa heshima aliyokuwa nayo darasani, akasema, "Mwalimu, ulitufundisha wewe mwenyewe. Ni elementi. Haina mwisho."

Kazi ilituzidi, na ukaita ngwatio, wale wanawake mliokuwa mkilimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Walikuja na majembe na nyimbo, Mama Muthoni mbele kama kawaida yake. Walichimba vizuri mpaka walipoelewa kwamba udongo wenyewe unakwenda shimoni. Hapo Mama Muthoni akapiga jembe chini akaliacha limesimama.

"Ati hii yote tunazika?" akauliza. "Mweusi namna hii? Nipe mimi, napeleka kwa shamba yangu ya nduma. Wewe Mmeru uko na shamba kubwa mpaka unatupa udongo?"

Wengine wakacheka, na wawili walikuwa wameshajaza magunia. Ulikuwa na njia mia za kuwajibu, nami nilikuwa natayarisha mhadhara. Hukujibu. Uliingia ndani ukamtoa mtoto, ukamkalisha mapajani mwa Mama Muthoni, ukamwambia, "Huyu aliula. Ukitaka, chukua."

Mama Muthoni alimshika mtoto muda mrefu. Kisha akamrudisha, akayamwaga yale magunia shimoni mwenyewe, akaanza wimbo. Si ule wa kulima. Alianza ule wa kanisani wa kumsindikiza marehemu, na wengine wakaitikia, na shimo likafunikwa hivyo. Jioni wakati wa chai alisema tumezika shamba, sasa tungoje matanga.

Halafu ikaja mifupa. Ulizunguka mabucha yote ya Giakanja ukiomba mifupa, mwalimu mstaafu na kofia yako ya kanisa. Wakakuuliza kama unafungua hoteli ya supu. Yule muuza nyama mwenye jino la dhahabu akanivizia barabarani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani tunakula. Uliichoma nyuma ya jikoni, ukaitwanga kwenye kinu cha mama yangu, na ulipomaliza ulikivunja kinu kwa shoka ili asije mtu akatwangia chakula. Najua ulivyokipenda.

Nakumbuka jambo lingine ambalo sikuwahi kukwambia kwamba nililiona. Kariuki alikuwa hali chakula. Alikuwa anachimba tangu alfajiri hadi giza, na akikaa anakaa peke yake. Nilitaka kumkalisha nimwambie maneno ya baba. Wewe ulikwenda pale alipokaa, ukampa karai la ule unga wa mifupa, ukasema, "Mwaga, halafu uje ule." Akauchukua. Mlikwenda mstari mmoja, yeye akimwaga, wewe ukichanganya kwa jembe. Mlipofika mwisho wa kona, akaweka karai chini, akaweka kichwa begani kwako, mwanamume mzima, mrefu kukuzidi. Nilikuwa nyuma ya ua. Nikageuka nikaenda kuchemsha chai. Tangu siku ile sijawahi kumlaumu, hata moyoni. Nilitaka ujue hivyo.

Jioni tulipopanda nyasi juu ya shimo, palepale konani, ulilizunguka ukalikanyagakanyaga, ukasema, "Shimo hili limepata dawa. Sasa linataka mlinzi."

Tulilizungushia waya. Ukaweka ubao wa kuwaonya watu, kwa mwandiko wako mzuri. Wewe ukaondoka miaka michache baadaye, kwa ajili ya ugonjwa wa sukari wala si kwa ajili ya hayo, na mambo yakaenda yanavyokwenda. Ubao ukafifia. Nguzo za ua zikageuka kuni, moja moja, na mimi siwezi kukimbizana na mtu. Mwaka jana mvua ya El Niño iliponyesha na tukasikia vilima vinaporomoka huko Murang'a, kila asubuhi nilikuwa nashuka na bakora yangu hadi kwenye kona kuona kama shimo limefunguka. Halikufunguka. Udongo wa mfinyanzi mliouweka wewe na Mama Muthoni ulishika. Kariuki alinikuta pale nimelowa, akanibeba kama gunia la viazi, akinigombeza njia nzima kwa sauti yako.

Mvua ilipokwisha, nilishuka tena nikamkuta mtu amepiga magoti juu ya shimo. Ni Kawira. Ameshakuwa msichana, miguu mirefu, amevaa sweta ya shule. Alikuwa amepalilia kipande kizuri, mistari imenyooka, akapanda miche ya sukuma wiki, na alikuwa anainywesha maji kwa kopo. Moyo huu mchovu uliruka kama mbuzi.

Nilimwita. Mjukuu wetu aliuona uso wangu akasimama. "Guka, nimekosea? Mwalimu alisema kila mtu atafute mahali alime. Na hapa hakuna mtu analima."

Nikamwambia hapa hapalimwi. Akaniuliza kwa nini, kwa adabu, lakini kwa yale macho yako ya kutosheka na jibu kamili tu.

"Kwani kuna mtu amezikwa hapa?"

Nikaegemea bakora. Alikuwa amesema kweli, Mama Wangari. Katika nchi hii yetu iliyogawanywa mpaka ikabaki vipande vya leso, mahali pamoja tu ndipo mtu hapitishi jembe. Waya utaibwa. Ubao utafifia. Anayejua atakufa na asiyejua atazaliwa. Lakini hata mlevi, hata mnunuzi wa mashamba kutoka mjini, akiambiwa huyo ni babu yao, atazunguka.

Nikamjibu, "Bado."

Tuling'oa miche pamoja. Nilimpa kipande kando ya jikoni, penye udongo wako mzuri usiowahi kuona betri, na nikamweleza yote, tangu Kirembo hadi kinu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ndiyo sababu alirudia darasa la pili. Nilimwambia sijui. Hiyo ndiyo kweli. Wapo waliorudia darasa hilo bila kula udongo, akiwamo baba yake. Akacheka. Sasa anasoma vizuri. Hesabu zinamchelewesha, lakini jioni tunakaa barazani tunazifanya polepole, na akikosea hukunja uso kama wewe, akaanza upya. Yupo, mwenzangu. Hukupotea mara mbili.

Nikawaita watoto nikawaambia. Nizikwe chini, karibu na lango, ukingoni mwa shimo upande wa barabara, kaburi lisiliguse shimo lakini lilifunge njia. Wangari alilia. Kariuki akasema, "Baba, watu watasema tulikutupa barabarani kama mtu hana kwao."

Nikamwambia ndiyo maana naandika barua.

"Basi nizikwe mimi hapo. Ni mimi nilipaharibu."

Alisema hivyo akitazama chini, na nikaona hajawahi kuuweka chini ule mzigo, karai la mifupa bado amelibeba. Nikamshika mkono. Nikamwambia yeye bado ana miaka mingi, na shimo haliwezi kumsubiri. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyesimama kibandani nikifundisha, na kwamba baba hamwachii mwanawe zamu yake ya ulinzi. Tulikaa hivyo, mkono kwa mkono, jambo ambalo wanaume wa Tetu hatufanyi. Mwishowe akaniuliza nataka kaburi lielekee wapi. Nikajua amekubali.

Kwa hiyo ile nafasi kando yako itabaki wazi. Nimemwambia Wangari apande maua yale mekundu uliyoyaleta kutoka Chogoria, ili usiwe na upande mtupu. Nilipanda kwako Jumapili kukueleza haya yote kwa mdomo, nikashindwa. Nilikaa tu nikitazama chini kwenye lango, na kutoka pale ulipo pote panaonekana: nyumba, zizi, migomba, kona, barabara. Ndipo nikaona kwamba hofu yangu ilikuwa bure. Shamba ni moja. Wewe uko juu, penye ua wa mwisho, mgongo wako umeelekea mlima uliodai tuliugeuza. Mimi nitakuwa chini, penye lango. Mtu yeyote akitaka kuingia na jembe, itabidi anivuke mimi kwanza.

Wala sijahama kitanda, Kawira. Wewe lala ukutani. Mimi niko upande wa mlango.

Wako,
Baba Wangari